Gari Jeusi la Mama Riziki

Vijana wa garaji mmeniuliza mara nyingi, na mmezidi kuniuliza tangu niliporudisha funguo zangu na kwenda kukaa nyumbani: mtu akileta gari kuukuu la kubebea familia na kutaka kujua kama alinunue, unaanzia wapi? Siku zote niliwajibu kwa mkato kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Sasa mikono haina kazi, basi nitajibu kwa urefu. Jibu lenyewe ni habari za watu, maana mimi sikujifunza kupima gari katika kitabu. Nilijifunza hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, kwa mtu asiyesikia.

Siku ya kwanza nilifika garajini nikiwa mtu mzima, nina mke na mtoto mmoja. Nilikuwa nimetoka Lubondja, ambako kazi yangu ilikuwa kupima pamba za watu kwenye mizani, kazi inayokuhakikishia kuchukiwa na kijiji kizima. Mwenye garaji alikuwa Mgiriki mmoja aliyekuwa pia na duka na malori mawili. Hakuinua macho. Alinyoosha kidole kwenye miguu miwili iliyotokeza chini ya lori, akasema, "Mukubwa yako ni ule." Nikaisalimu ile miguu. Haikujibu. Nikaisalimu tena kwa heshima zaidi. Mara ya tatu nikagusa kisigino, na mtu mwembamba akateleza kutoka huko chini, uso umejaa grisi.

"Hapana semesha miguu," akasema. "Miguu yangu haina masikio. Na masikio yangu nayo njo vile vile."

Huyo ndiye Fundi Alimasi. Alikuwa amefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko milimani, na siku moja baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Wenzake wawili walikufa. Yeye alitoka na uhai wake, lakini ngoma za masikio yote mawili zilipasuka. Ukitaka akuelewe ilibidi usimame mbele yake aone midomo yako, tena upaze sauti kama mtu anayeita mtumbwi ulio mbali ziwani.

Sitawaficha: jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba nimeharibu maisha yetu. Fundi wa moteri asiyesikia moteri ni mpishi asiye na ulimi.

Siku ya tatu lori la pamba likaingia, dereva analalamika kwamba kuna kitu kinagonga. Alimasi alitoa kijiti cha mti mgumu, urefu wake toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, cheusi kwa jasho na mafuta. Ncha moja akaiweka juu ya moteri iliyokuwa inaunguruma, ncha ya pili akaiuma kwa meno. Akafumba macho. Akawa anakihamisha kijiti kidogo kidogo, kama mganga anayetafuta maumivu tumboni. Kisha akaagiza moteri izimwe, akachukua chaki na kuchora msalaba ubavuni mwake. "Hapa," akasema. Tulifungua. Nyuma ya msalaba ule tulikuta beringi iliyolika mpaka ikawa nyembamba kama ukucha.

"Sasa wewe," akaniambia, akanipeleka kwenye lori la pili ambalo lilikuwa zima.

Nikauma kijiti. Mpaka leo nikieleza jambo hili nywele zinanisimama. Nilikuwa nikidhani moteri ni kelele tu. Kumbe kichwa changu kizima kiligeuka nyumba, na ndani ya nyumba ile watu wengi walikuwa wanafanya kazi, kila mmoja kwa zamu yake, hakuna anayemsukuma mwenzake. Valvu zilianguka kama mvua ya kwanza juu ya majani ya mgomba. Chini yake kulikuwa na mwendo mzito, wa taratibu, na katikati mluzi mwembamba wa mafuta yanayopita. Nilisahau kupumua. Nilipokitoa kijiti mdomoni, Alimasi alikuwa ananitazama anacheka.

"Umeona? Batu benye masikio banasikiaka inje tu."

Kuanzia siku ile sikumwambia tena mke wangu kwamba nimeharibu maisha yetu.

Alinifundisha kwamba moshi wa buluu ni mafuta yanayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokoma ni maji yanayoingia pasipo pake. Alinifundisha kunusa mafuta ya moteri kabla ya kuyatazama. Kuinua zulia na kugonga bati lililo chini yake. Kufunga kila mlango na kuona kama nafasi pembeni ni sawa juu na chini, kwa sababu gari lililopinduka halifungi milango yake kama zamani hata ulipige rangi mara kumi. Na zile namba za kilometa hakuzijali kabisa. Alitazama raba ya pedali. "Namba iko inasema yenye inapenda," alisema. "Raba inaandikwa na muguu ya muntu."

Mwaka wangu wa pili, asubuhi moja, akaja mwanamke aliyeitwa Mama Riziki. Alikuwa mjane wa Ubwari, ile rasi ndefu inayoingia ziwani, mchuuzi wa ndakala, wale samaki wadogo wakavu, na marehemu mume wake alikuwa amemwachia mitumbwi miwili mikubwa ya kuvulia. Alikuja akasimama mbele ya Alimasi barabara, kama aliyeambiwa namna ya kusema naye, akapaza sauti.

"Fundi, nataka kununua motokari. Ya batu batano, viti ya kulainika. Bwana wa pamba kule Fizi anauzisha yake. Twende uniangalilie."

Madereva waliokuwa pale wakacheka. Mmoja akamwambia, si kwa ubaya, "Mama, kama uko na feza, nunua lori. Lori njo inalisha muntu."

"Lori najua," akasema Mama Riziki. "Mutoto yangu alikufiaka juu ya lori."

Hakuna aliyecheka tena. Akaeleza palepale, amesimama, bila kulia. Binti yake alikuwa ameolewa huko juu milimani. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulipomshika, mtoto akakwama. Wakambeba kwa kipoyi, ile machela ya kubebwa mabegani, mpaka barabarani, na kule kitu pekee kilichopita kilikuwa lori la pamba. Wakamlaza juu ya magunia. Kila shimo la njia lilimrusha. Hakufika Baraka.

"Nataka motokari ya kubeba bamama benye mimba," akasema. "Siku zingine itabeba baarusi, itabeba bachuuzi, ijilishe yenyewe. Lakini siku mama mwenye uchungu anaita, inaenda. Nitauzisha mitumbwi yote mbili. Sasa, Fundi, sikia muzuri: isikufe njiani. Ikikufa na mama ndani, ni mimi nimemuua."

Alimasi alikuwa ameyatazama midomoni maneno yote. Alifuta mikono yake polepole, kidole kwa kidole, mpaka kitambaa kikakosa mahali pasafi.

"Twende," akasema.

Bwana wa pamba alikuwa mzungu aliyesimamia ununuzi wa pamba, na alikuwa anarudi kwao Ulaya. Gari lake lilikuwa la rangi ya maziwa, limeoshwa mpaka unajiona uso wako mlangoni. Mimi nililipenda hapohapo. Alimasi aliweka kiganja juu ya kifuniko cha moteri, akakiacha pale kidogo, akakiondoa.

"Bwana, tutarudi kesho asubuhi. Tafazali, kusikuwe muntu wa kuiwasha."

"Kwa nini kesho? Iko tayari! Nimeiwasha mimi mwenyewe."

"Njo sababu, Bwana. Moteri yenye imepata moto ni kama muntu mwenye amekunywa kidogo. Anacheka, anacheza, magonjwa yake hauione."

Hilo ndilo la kwanza, vijana wangu. Gari lipimwe likiwa baridi. Ukilikuta lina moto, rudi nyumbani kwako, hata kama nyumbani ni mbali.

Asubuhi ya pili tulilikuta limelowa umande. Alimasi aliingiza manivela mbele, ule mkono wa chuma uliopinda, akazungusha moteri kwa mkono, taratibu sana, akisikiliza kwa bega lake. Moteri ya silinda nne inakusukuma mara nne, na nguvu ya misukumo ile lazima ilingane. Ilikuwa karibu sawa. Tuliiwasha, akauma kijiti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Riziki alinitazama, mimi nikamtolea tabasamu la mtu aliyekwisha kumaliza kazi. Kumbe Alimasi alikuwa bado. Alilala chini kwa nyuma, pale kwenye kibuyu cha chuma chenye meno yanayozungusha magurudumu. Akafungua kizibo, akachovya kidole, akasugua mafuta kati ya kidole na gumba. Akaniita.

"Inanuka nini?"

Nilinusa mafuta. Kisha chini ya mafuta nikanusa kitu kingine, kitu cha nyumbani kabisa.

"Mbao," nikasema.

Mtu fulani alikuwa amechanganya unga wa mbao na mafuta. Meno yakilika hupiga kelele, na unga ule huyafumba mdomo kwa muda. Kwenye tambarare unaweza kuendesha miezi usijue. Lakini barabara ya kutoka Fizi kuteremka Baraka mnaijua. Meno yale yakikatika kwenye kona, moteri haishiki tena gari. Unabaki wewe, breki zako na bonde.

Zamani zile, kumwambia mzungu kwamba gari lake lina udanganyifu halikuwa jambo la kucheza. Nilisimama mbele ya Alimasi, nikasema bila sauti, kwa midomo tu: Muzee, tuseme bei iko juu, tuende zetu.

Alinitazama kwa mshangao. "Na kisha inunuliwe na muntu mwingine? Apandishe batoto yake?"

Akainuka, akaenda mpaka mbele ya yule bwana, akafungua kiganja chenye mafuta. "Bwana," akasema, "hii motokari inanuka karpentari."

Uso wa bwana ukawa mwekundu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu hatua mpaka barabarani.

"Unasema mimi ni mwizi?"

"Hapana, Bwana. Nasema meno ya nyuma imekwisha, na muntu aliificha. Muntu gani, mimi sijue. Mafuta haiseme jina."

Bwana alichukua chembe ya unga ule kiganjani mwa Alimasi, akaibonyeza kwa ukucha. Akaitazama muda mrefu. Kisha akageuza shingo kuelekea barazani, ambako mke wake na mabinti zake wawili walikuwa wanakunywa chai. Wote tulijua kwamba kila Jumapili aliwateremsha ziwani kwa gari lile. Wekundu ukamtoka usoni, akawa mweupe kuliko alivyokuwa. Akaketi juu ya kizuia tope cha gari.

"Hata mimi niliinunua," akasema taratibu. "Niliinunua mjini Usumbura, miezi michache tu imepita. Ilikuwa inang'aa vile vile."

Hakufukuza mtu. Alimwomba Alimasi amwonyeshe. Nami nikaona jambo ambalo sikudhani macho yangu yangeliona: yule bwana, kaptura yake nyeupe na soksi zake ndefu, amelala chali majanini chini ya gari, na Fundi Alimasi amelala ubavuni mwake, anamfundisha kwa kidole. Walipotoka huko chini wote wawili walikuwa na rangi moja. Bwana akampa mkono bila kuufuta kwanza. Halafu akamgeukia Mama Riziki.

"Mama, nenda misioni. Mamzeli naye anaondoka. Iko na gari nyeusi ya zamani, mubaya sana kwa macho. Mimi, kama ni mimi, nilikuwa nanunua ile."

Mamzeli alikuwa muuguzi mzee wa misioni ya Waprotestanti, mwanamke mrefu asiyependa maneno. Tulimwendea kesho yake asubuhi. Gari lake lilikuwa na umri mkubwa. Rangi ilikuwa imepauka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, viti vimeshonwa kwa uzi wa nyavu, taa moja imefungwa kwa waya. Raba za pedali zilikuwa zimelika mpaka chuma. Mama Riziki aligusa uzi wa kiti kwa kidole. Nadhani alikuwa akiiona mitumbwi yake ikipotea bure.

Mamzeli hakulisifu. Alisema mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani, mvua kubwa inaingia miguuni, na likipanda mlima hunywa maji, kwa hiyo beba dumu. Akaingia ndani ya nyumba, akatuacha.

"Muuzaji mwenye anataja makosa," Alimasi akaniambia, "tafuta yenye hakutaja."

Tulitafuta tangu asubuhi mpaka jua likafika kichwani. Kifuniko cha moteri kilikuwa baridi. Manivela ilisukuma mara nne, sawasawa kabisa, kama mtu mmoja anayekusalimu mara nne. Tulifungua plagi: rangi yake ilikuwa ya chungu kilichochomwa vizuri, kahawia nyepesi, kavu. Mafuta ya nyuma yalinuka mafuta. Alimasi alipolala chini na kukawia huko, nikaingia nione kuna nini. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye tumbo la gari. Halikuwa na tope hata la mvua moja. Kila kona ilikuwa imeoshwa na kupakwa mafuta, mahali ambapo hakuna mgeni angeona wala kusifia. Msimu kwa msimu, yule mwanamke mzee alikuwa akilala chini na kuosha tumbo la gari lake kwa mikono yake mwenyewe.

"Kuna kuchoka kwa kazi," Alimasi akasema, "na kuna kuchoka kwa kuachwa. Haifanane."

Kosa moja lisilotajwa tulilipata: bamba moja la chuma la springi ya mbele lilikuwa na ufa. Mamzeli alipoambiwa aliinama akautazama, akaona aibu kama aliyekutwa na vumbi mezani. Tulikuja kulibadilisha kwa bamba la lori bovu.

Kisha Alimasi akawasha moteri, akauma kijiti, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona. Alipofumbua hakusema ni zima wala ni bovu. Alipangusa kijiti kwa shati lake, akampa Mama Riziki.

"Sikia wewe mwenyewe, mama. Ni wewe unauzisha mitumbwi."

Mama Riziki alikiuma. Kwanza alishtuka, kama mimi siku yangu. Kisha mabega yake yakashuka. Mkono wake ukaanza kwenda mbele na nyuma, taratibu, bila yeye kujua.

"Inapiga kasia," akasema, kijiti bado mdomoni. "Batu bane. Banapiga kasia pamoja. Hakuna mwenye anachelewa."

Nimesoma vitabu vya moteri baadaye, vya Kifaransa, vyenye picha. Hakuna hata kimoja kilichosema vizuri namna ile.

Alimasi alitaka bado kuliona mlimani, likiwa na mzigo. Kwa ruhusa ya Mamzeli tuliteremka nalo Baraka taratibu. Mama Riziki akaita wachuuzi wenzake wanne, wanawake wenye miili ya kutosha, na vikapu vyao vya ndakala juu ya mapaja. Mimi nikaendesha, kwa kuwa fundi asiyesikia hakuruhusiwa usukani. Yeye alibanwa mlangoni kando yangu, amevua viatu, nyayo zake juu ya bati la sakafu. Wanawake waliimba mpaka barabara ilipoanza kupanda wima. Kwenye kona kali kuliko zote, bonde upande wa kulia, Alimasi akainua mkono.

"Simama. Zima. Vuta breki ya mukono, toa muguu."

Nilitoa mguu. Tulisikia upepo tu, na chuma cha moteri kikipoa, tik, tik. Niliutazama mti mmoja mdogo kando ya njia kuona kama unasogea. Haukusogea. Tulikaa pale muda wa kumaliza sala mbili, na nyuma yangu mmoja alikuwa anazisali kweli.

"Washa. Panda."

Lilishika mara ya kwanza. Nikaachia breki, na lile gari chakavu, na wanawake watano na samaki wao, likaondoka pale bila kurudi nyuma hata upana wa kidole. Tulipofika juu wanawake walishuka. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, na Ubwari imelala ndani yake kama mgongo wa mamba. Waliishi maisha yao yote kando ya maji yale, na hawakuwahi kujua ni makubwa kiasi kile. Mama Riziki peke yake hakutazama ziwa. Alikuwa anatazama gari.

Mitumbwi ikauzwa. Mgiriki akakubali niliendeshe siku za haja, na kwa miezi michache lilibeba maarusi na wachuuzi kama alivyopanga.

Halafu, katikati ya mvua kubwa, mtu wa baiskeli akaleta habari asubuhi: kuna mwanamke mwenye uchungu ameteremshwa kutoka Minembwe, huko juu kwa wafugaji, kwa machela, siku mbili njiani, yuko Lubondja, na hawezi kubebwa zaidi. Alimasi alikuwa ndani ya moteri ya lori mpaka mabegani. Aliona midomo yangu, akasema neno moja: "Enda."

Tulifika Lubondja saa sita, Mama Riziki na mimi. Wabebaji walikuwa wameketi chini, miguu imevimba. Mwanamke alikuwa amelazwa barazani mwa nyumba moja, jina lake Nyamvura, amefumba macho. Mume wake, mfugaji mrefu aliyeitwa Rugaju, alikuwa amesimama na fimbo yake. Tulipofungua mlango wa gari ili aingizwe, alijiweka katikati.

"Ngoja," akasema.

Akaanza kulizunguka gari kama mtu anayenunua ng'ombe, toka kichwani mpaka mkiani. Alibonyeza matairi kwa gumba. Aliinama akatazama tumbo. Aliweka kiganja juu ya moteri, kisha akanusa kiganja.

"Baba, wakati hakuna!" Mama Riziki akalia.

Nikamshika mkono. Mtu yule hakuwahi kugusa gari katika maisha yake, na alikuwa anafanya yote niliyofundishwa, kwa utaratibu uleule.

"Ilishaka anguka?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mwenye aliichunga mbele yenu, alikuwa muntu wa namna gani?"

Katika miaka yangu yote ya kazi, hakuna mnunuzi aliyeniuliza swali zuri kama lile. "Mwanamuke," nikasema. "Alikuwa anaosha tumbo yake kwa mikono, siku zote, hata hakuna mwenye anamuona."

Akaitika kwa kichwa. Kisha akanitazama machoni.

"Na wewe, unasema itafika?"

Niligeuka nyuma, bila sababu. Alimasi hakuwepo. Hakukuwa na mtu mwingine wa kulisema neno lile.

"Itafika," nikasema, nao wakamwingiza.

Mto tuliouvuka asubuhi kwa urahisi ulikuwa umejaa. Nilivua mkanda wa feni isije ikarushia moteri maji, nikafunika rejeta kwa gunia, nikaingiza gia ya kwanza. Wabebaji, waliokuja wamening'inia kwenye milango, wakashuka, wakashika gari pande zote mbili. Nikaingia mtoni polepole, mguu haupandi wala haushuki. Maji yakaja mpaka miguuni petu. Gari likayumba, likatafuta ardhi, likaipata. Nyuma, Nyamvura alipiga kelele mara moja, na Mama Riziki, kichwa cha mgonjwa mapajani pake, alikuwa anarudia, "Pumua nami, mama. Pumua nami." Rugaju, kando yangu, alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anasema na lile gari kwa lugha yake, maneno laini, nadhani yale wanayowaambia ng'ombe kwenye kivuko. Sikumkataza. Katikati ya mto moteri ilikohoa mara moja. Mimi nilikufa. Yenyewe ikaendelea.

Tulifika materniti ya Baraka jua likiwa bado juu. Walimwingiza mbio. Tulibaki nje muda ambao siwezi kuupima, mpaka kilio chembamba kikatoka dirishani, kisha mkunga akachungulia, akasema mtoto ni msichana, na mama anaomba maji.

Rugaju hakuruka wala hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye gari, lililokuwa tope tupu, akaweka mikono yake yote miwili juu ya kifuniko cha moteri, akaiacha pale. Kisha akageuka.

"Kwetu," akasema, "tukiona ng'ombe muzuri tunauliza mama yake. Hii, mama yake ni nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie habari za Mamzeli, na za Fundi Alimasi. Mama Riziki alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyuma uliokuwa wazi, miguu nje, anakamua maji kwenye kitenge chake. Aliacha kukamua.

"Ni mimi," akasema.